Marconi: mutu mwenye jina lake liliandikwa ku radio za Waingereza

Kila mwaka, tarehe 13 mwezi wa 2, dunia inakumbuka radio, na kila mwaka ulizo moja linarudi hapa kwetu ku studio: ni nani alitengeneza radio? Wenye walisoma wanajibu mbio: ni Marconi. Jibu hilo ni la kweli, lakini nusu. Guglielmo Marconi hakuvumbua radio peke yake. Tena, kitu chenye alikuwa anatafuta hakikukuwa radio vile tunaijua leo, yenye mama anasikiliza jikoni na muchungaji wa mbuzi anabeba ku bega. Yeye alitaka njia ya kutuma habari bila waya, kutoka kwa mutu mumoja mupaka kwa mutu mwingine, na wengine wasisikie.

Hata hivyo, jina lake ndilo lilibakia. Huko Uingereza waliliandika ku radio za nyumbani zenye ziliitwa Marconiphone, na tangu miaka ya 1920 radio hizo ziliingia ku manyumba ya watu wengi. Leo tunawaelezea maisha yake, mazuri na mabaya. Sisi wenye tunasema ku mikro, na ninyi wenye munatusikiliza, sote tuna kitu cha kujifunza ndani yake.

Kijana wa Pontecchio

Guglielmo Marconi alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka 1874, ku muji wa Bologna, inchi ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri wa mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa mwana-inchi wa Irlande, mutoto wa jamaa yenye ilijulikana sana kwa kutengeneza pombe ya wiski. Ni kwa mama huyo kijana alijifunza Kiingereza vizuri, na tutaona namna gani luga hiyo ilimusaidia.

Ku masomo hakuwa mutoto wa kusifiwa. Hakuingia hata ku université. Lakini alipenda umeme kupita kitu kingine chote. Jirani mumoja wa jamaa, profesa Augusto Righi wa Bologna, alimuruhusu kusoma vitabu na kuangalia vyombo vyake. Wakati huo, wenye elimu wa Ulaya walikuwa wanazungumuzia sana Heinrich Hertz, Mudachi mwenye alionyesha, miaka ya 1887 na 1888, kama umeme unaweza kutoa mawimbi yenye yanasafiri hewani bila kuonekana. Hertz alikufa mwaka 1894, akiwa bado kijana wa miaka 36. Mwaka huohuo Marconi, mwenye alikuwa na miaka 20, alisoma habari za kazi yake na akaanza kujiuliza kama mawimbi hayo hayawezi kubeba ujumbe.

Alijifungia ku vyumba vya juu vya nyumba yao, Villa Griffone, karibu na kijiji cha Pontecchio. Baba yake hakupenda kuona kijana anapoteza wakati na feza ku nyaya. Mama ndiye alimulinda. Siku moja usiku, Guglielmo alimuamusha mama yake, akamupandisha juu, akabonyeza kifaa kimoja, na kengele ikalia upande mwingine wa chumba. Katikati ya kifaa na kengele hakukukuwa waya hata moja.

Vyombo vyake havikukuwa vya ajabu. Karibu vyote vilitengenezwa na watu wengine: mutambo wa kutoa cheche ulitoka ku kazi ya Hertz na Righi, na kile chenye kilikuwa kinapokea mawimbi, katubu kadogo ka kioo kenye unga wa chuma ndani, kilitoka kwa Mufaransa Édouard Branly na Mwingereza Oliver Lodge. Akili ya Marconi ilikuwa ya kujaribu bila kuchoka. Alipandisha waya moja juu hewani, na ingine akaizika ku udongo. Hapo ndipo mawimbi yalianza kwenda mbali zaidi. Hata leo, mutu yeyote mwenye aliisha kufunga antene ya radio ku muti murefu anafanya jambo lilelile.

Mwaka 1895 alitoka inje. Ndugu yake Alfonso alienda ngambo ya kilima na kifaa cha kupokea, na alikuwa na bunduki. Mupango wao ulikuwa rahisi: alama ikifika, apige risasi moja. Guglielmo alibonyeza mutambo ku nyumba, na kisha wakati kidogo bunduki ililia kule nyuma ya kilima. Mawimbi yalikuwa yamevuka.

London inamufungulia mulango

Mwanzo wa mwaka 1896, Annie alimupeleka mutoto wake London. Uingereza ilikuwa inchi yenye meli nyingi kupita zote, na meli ikiisha kutoka ku bandari, hakuna mutu aliweza kujua habari zake mupaka ifike. Hakuna soko lingine lingekuwa nzuri kuliko hilo. Jamaa wa mama walikuwa huko, na mumoja wao, Henry Jameson Davis, alisaidia kijana kujulisha watu kazi yake.

Tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 1896, Marconi aliomba serikali ya Uingereza hati ya kulinda uvumbuzi wake. William Preece, mukubwa wa mafundi wa Posta ya Uingereza, alimupokea vizuri na akamupatia nafasi ya kuonyesha mutambo. Mwezi wa 5 mwaka 1897, alama zilivuka maji kati ya kisiwa cha Flat Holm na Lavernock, ku inchi ya Wales, karibu kilomita 6. Mwezi wa 7 mwaka huo kompanyi ilizaliwa. Mwenye uvumbuzi alikuwa na miaka 23. Mwaka 1900 kompanyi ilibadilishwa jina, ikaitwa Marconi's Wireless Telegraph Company. Kiwanda chake kilikuwa Chelmsford, muji wenye hauko mbali na London, na muji huo ulibakia nyumba ya kompanyi kwa miaka mingi.

Mwaka 1899 alama zilivuka maji kati ya Ufaransa na Uingereza. Lakini Marconi alikuwa anaona mbali zaidi. Wenye elimu wengi walisema mawimbi yanaenda sawasawa kama mwangaza, na dunia ni ya muviringo, kwa hiyo hayawezi kufika ngambo ya bahari kubwa. Yeye aliamua kujaribu.

Ku Poldhu, upande wa kusini-mangaribi wa Uingereza, walijenga kituo kikubwa chenye nguzo ndefu. Mwezi wa 9 mwaka 1901, upepo mukali uliangusha nguzo zote. Walijenga zingine, ndogo zaidi. Kisha Marconi akavuka bahari pamoja na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget, mupaka St. John's, ku kisiwa cha Newfoundland. Hakukukuwa nguzo huko. Walifunga waya ku kishada kikubwa, chenye watoto wanarushaka hewani kwa kamba, wakakirusha juu ya kilima katika upepo wa baridi. Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1901, Marconi, akiwa na kisikilizio ku sikio, alisema amesikia alama tatu fupi, herufi S ya Morse, zimetoka Poldhu, zaidi ya kilomita 3.400. Alimupatia Kemp kisikilizio, naye akasema amesikia.

Wengine hawakukubali, na mupaka leo kuko wenye elimu wenye wana mashaka kama kweli siku ile alama zilifika, juu hakukukuwa karatasi yenye ilizichapa. Marconi alijibu kwa kazi. Mwaka 1902, ku meli Philadelphia, mutambo ulichapa ujumbe ku karatasi mbele ya kapteni, meli ikiwa mbali sana ndani ya bahari. Mawimbi yalikuwa yanazunguka dunia kweli. Kisha watu walielewa sababu: kule juu kabisa hewani kuko tabaka lenye linarudisha mawimbi chini.

Mutu mwenye alitaka kufunga mulango

Hapa kuko upande mwingine wa hadizi. Marconi hakukuwa tu mutu wa vyombo, alikuwa mutu wa biashara mukali. Kompanyi yake haikuuzisha mitambo ku meli. Iliipangisha, pamoja na mutu wa kuitumikisha mwenye alilipwa na Marconi. Na ilikuwa na sheria moja: mutumishi wa Marconi hazungumuzi na meli yenye mutambo wa kompanyi ingine, isipokuwa kwa hatari. Serikali ya Ujerumani na zingine zilikasirika. Mukutano mukubwa wa Berlin, mwaka 1906, uliamua kama vituo vyote vya pwani vinapaswa kupokea ujumbe wa meli zote, bila kuangalia alama ya mutambo. Kwa maneno mengine, hewa haina mwenyewe.

Vilevile kulikuwa wengine wenye walifanya kazi hiyo na hawakupata sifa yenye walistahili. Oliver Lodge wa Uingereza, Alexander Popov wa Urusi, Jagadish Chandra Bose wa Muhindi, Nikola Tesla wa Marekani, wote walikuwa ku njia ileile. Mwaka 1909, wakati Marconi alipata zawadi ya Nobel, alipaswa kuigawanya na Mudachi Karl Ferdinand Braun. Mwaka 1911, kompanyi ya Marconi ililazimika kununua haki za Lodge juu ya namna ya kuchagua fasi ya mutambo, jambo lenye sisi tunafanya kila siku wakati tunazungusha kifungo kutafuta radio. Na mwaka 1943, Marconi akiwa ameisha kufa, tribinali kubwa ya Marekani iliondoa nguvu ya hati yake moja ya maana, juu wengine walikuwa wamemutangulia.

Lakini shida yenye ilimusumbua zaidi ilikuwa hii: mawimbi yanaenda pande zote. Kila mutu mwenye iko na mutambo anaweza kusikia. Marconi alikuwa anaambia watu kama amepata njia ya kuficha ujumbe. Mwezi wa 6 mwaka 1903, ku London, rafiki yake wa kazi, profesa John Ambrose Fleming, alikuwa anajitayarisha kuonyesha mutambo huo mbele ya watu wakubwa. Mbele ujumbe wa kweli ufike, mutambo ulianza kuandika maneno ya kumuchekelea Marconi. Nevil Maskelyne, mutu wa michezo ya mazingaombwe mwenye alijua umeme vizuri, alikuwa anatuma alama zake kutoka fasi ingine karibu na pale. Fleming alikasirika sana. Lakini Maskelyne alikuwa ameonyesha ukweli: kitu chenye kimeisha kutoka ku antene hakina siri.

Kwa Marconi, hiyo ilikuwa kilema. Kwa sisi leo, hiyo ndiyo radio yenyewe.

Usiku wa Titanic

Usiku wa tarehe 14 mwezi wa 4 mwaka 1912, meli Titanic iligonga barafu. Ku chumba cha mutambo kulikuwa vijana wawili wa kompanyi ya Marconi, Jack Phillips na Harold Bride. Muchana wote walikuwa wanatuma salamu za matajiri wenye walikuwa ku meli, kazi yenye ilikuwa inaingiza feza. Meli ingine, Californian, ilikuwa imejaribu kuwajulisha kama barafu iko karibu, lakini Phillips aliikata juu ilikuwa inamuharibia kazi. Mutumishi wa Californian alizima mutambo wake, akaenda kulala. Meli yake ilikuwa karibu kuliko zote, na hakuna mutu aliamuka kusikiliza.

Meli Carpathia ndiyo ilisikia. Mutumishi wake, Harold Cottam, alikuwa bado hajalala. Carpathia ilitembea usiku wote katikati ya barafu, na asubui iliokota watu zaidi ya 700. Karibu 1.500 walikufa. Phillips, mwenye alibakia ku mutambo mupaka mwisho, alikuwa mumoja wao.

Marconi alikuwa New York wakati Carpathia ilifika, na alipanda ndani kumuona Bride. Watu walimusifu kama mwenye kuokoa maisha, na ilikuwa kweli: bila mutambo wake hakuna mutu angejua. Lakini bunge la Marekani lilimuita vilevile kujieleza. Kompanyi yake ilikuwa imetuma habari kwa watumishi wake ku meli wakae kimya, kusudi wauzishe hadizi yao kwa gazeti kwa bei kali, wakati jamaa za wafu walikuwa bado wanangojea majina. Kisha msiba huo, inchi ziliweka sheria meli kubwa ziwe na mutu ku mutambo saa zote 24.

Mwaka huohuo wa 1912, mwezi wa 9, Marconi alipata aksida ya motokari ku Italia na akapoteza jicho la kuume.

Sauti inatoka Chelmsford

Mupaka hapo, kitu chenye kilikuwa kinapita hewani kilikuwa alama za Morse. Sauti ya mutu ilikuja polepole. Taa ya kioo yenye Fleming alivumbua mwaka 1904, na zingine zenye zilitoka Marekani, zilifungua njia, na vita ya 1914 ilisukuma mambo mbio. Vita ilipomalizika, viwanda vilikuwa na mafundi wengi na mitambo mingi, na hakuna aliyejua mitambo hiyo itafanya nini tena.

Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 1920, mwimbaji mukubwa Nellie Melba alisimama mbele ya mikro ku kiwanda cha Marconi, Chelmsford, akaimba. Watu walimusikia ku inchi mbalimbali. Lakini mwisho wa mwaka huo Posta ya Uingereza ilifunga mambo hayo. Ilisema nyimbo zinaharibia kazi za maana.

Watu ndio walibadilisha mambo. Wapenda-radio wenye walikuwa wanajitengenezea mitambo nyumbani waliandikia serikali, mashirika yao zaidi ya 60, wakaomba wapate kitu cha kusikiliza. Serikali ikakubali. Tarehe 14 mwezi wa 2 mwaka 1922, kituo kidogo chenye kiliitwa 2MT kilianza kusema kutoka nyumba ya mbao ya zamani ya waaskari, ku kijiji cha Writtle, karibu na Chelmsford. Kilikuwa na nusu saa tu kila Siku ya Pili mangaribi. Fundi Peter Eckersley alishika mikro, na pahali pa kusoma mambo makavu, akaanza kuchekesha, kuimba na kuiga waimbaji wakubwa. Wasikilizaji walimupenda sana. Kwa Waingereza, hicho ndicho kilikuwa kipindi cha kwanza cha radio chenye kilirudi kila juma. Mwenye kukifanya hakukuwa Marconi, alikuwa fundi wake.

Mwaka huohuo kompanyi ilifungua kituo kingine, 2LO, ndani ya nyumba yake London. Mwezi wa 10, watengenezaji wa radio sita wakubwa, Marconi mumoja wao, waliungana wakaunda kompanyi ya BBC. Sababu yao ya kwanza ilikuwa biashara: hakuna mutu atanunua radio kama hakuna kitu cha kusikiliza. Tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka 1922, BBC ilianza kusema kupitia 2LO. Kila nyumba yenye radio ilipaswa kulipa shilingi 10 kwa mwaka. Mwaka 1927 BBC ilitoka mikononi mwa wafanya-biashara, ikawa shirika la watu wote.

Marconiphone: jina linauzishwa

Ni katika mwaka huo wa 1922 jina Marconiphone lilitokea. Ilikuwa alama ya radio zenye kompanyi ilikuwa inauzisha kwa watu wa nyumbani. Za kwanza zilikuwa masanduku ya mbao. Zenye bei ndogo zilitumia kipande cha jiwe lenye kungaa na mutu alisikiliza na visikilizio ku masikio. Zenye bei kubwa zilikuwa na taa za kioo ndani na pavio, na jamaa yote ilikaa ikasikiliza pamoja. Kwa Mwingereza wa wakati ule, kuwa na jina Marconi ku sanduku ilikuwa ni kama kuwa na radio ya mwenyewe mwenye radio.

Lakini mwisho wa mwaka 1929, kompanyi iliuzisha kazi hiyo yote, pamoja na jina Marconiphone, kwa Gramophone Company, ile yenye alama yake ni imbwa anasikiliza sahani ya muziki. Mwaka 1931, Gramophone iliungana na Columbia, ikawa EMI. Kwa hiyo Marconiphone zenye watu walinunua miaka ya 1930 hazikutoka tena ku kiwanda cha Marconi. Mwaka 1936, wakati BBC ilianza televizio, kulikuwa hata televizio zenye jina Marconiphone. Mutu alikuwa angali muzima, lakini jina lake lilikuwa limeisha kuwa mali ya wengine. Chelmsford ilibakia na kazi yake ya kwanza: mitambo mikubwa ya kutuma sauti, mitambo ya meli na ya ndege.

Marconi mwenyewe wakati huo alikuwa anaishi zaidi ndani ya meli yake, Elettra, yenye alinunua mwaka 1919 na kuijaza vyombo. Huko alifanya kazi yake kubwa ya mwisho: mawimbi mafupi. Wakubwa walikuwa wameyaachia watu wa kujifurahisha, wakifikiri hayana faida. Mwaka 1923 Marconi alisafiri na Elettra mupaka visiwa vya Cap-Vert, ku pwani ya Afrika, na akapima kama mawimbi mafupi ya Poldhu yanamufikia na nguvu kidogo tu. Yalimufikia vizuri. Fundi wake Charles Franklin alitengeneza antene za kuyaelekeza fasi moja, na mwaka 1927 Uingereza ilikuwa inazungumuza na Afrika ya Kusini, Muhindi na Australia kwa njia hiyo. Sisi hapa Kongo tunajua mawimbi hayo. Kwa miaka mingi mbele ya FM, ni ku mawimbi mafupi wazazi wetu walisikia habari za mbali, hata BBC ya Kiswahili yenye ilianza mwaka 1957.

Mikro na mwenye nguvu

Sasa tufike ku upande wenye wengi wanaruka. Mwaka 1923 Marconi aliingia chama cha Benito Mussolini. Hakuingia kwa kulazimishwa. Mussolini alimupatia heshima: mukubwa wa baraza la utafiti la Italia, kisha mwaka 1930 mukubwa wa Akademia ya Italia. Mufalme alimupatia cheo cha marchese. Karatasi zenye zilipatikana kisha miaka mingi zilionyesha kama, wakati wake, majina ya wenye elimu Wayahudi yaliwekwa alama ku liste za Akademia, na hawakuingia.

Mwezi wa 10 mwaka 1935, Italia ilishambulia Etiopia, inchi ya Afrika yenye ilikuwa na uhuru wake. Ndege za Mussolini zilimwanga sumu juu ya watu. Marconi, mwenye alikuwa na miaka 61 na ugonjwa wa moyo, alisafiri kwenda kutetea vita hiyo mbele ya mataifa. Alipofika Uingereza, alitaka kuongea ku BBC. BBC ilimukatalia.

Mutu mwenye kompanyi yake ilizaa 2LO, mwenye jina lake lilikuwa ku radio za watu, alifungiwa mulango wa studio. Wengine watasema ilikuwa haki, juu alikuja kutetea mauaji. Wengine watauliza nani aliipatia BBC ruhusa ya kuchagua. Lakini jambo moja ni wazi: kutengeneza mutambo hakumupatii mutu haki juu ya maneno yenye yanapita ndani. Na kujua sayansi hakumuzuizi mutu kuwa upande mubaya.

Dakika mbili

Tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1937, Guglielmo Marconi alikufa Roma. Alikuwa na miaka 63. Aliacha bibi, Maria Cristina, na mutoto wao Elettra, mwenye aliitwa jina la meli, pamoja na watoto watatu wa bibi yake wa kwanza, Beatrice. Wakati wa mazishi, vituo vya radio vya Uingereza na vya inchi zingine nyingi vilizimwa kwa dakika mbili. Kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuijaza sauti, hewa ilirudia karibu vile alikuwa ameikuta kule Pontecchio.

Kompanyi haikuishi milele. Mwaka 1946 ilinunuliwa na English Electric, kisha ikaingia mikononi mwa GEC. Mwaka 1999 GEC yenyewe ilijiita Marconi, ikatumia feza nyingi sana kununua kompanyi zingine, na kisha miaka miwili ikaanguka. Sehemu yake kubwa ilinunuliwa na Ericsson wa Suède. Marconiphone nayo iliisha. Leo inapatikana kwa watu wenye kukusanya vitu vya zamani.

Kitu chenye kimebakia ni kile chenye Marconi alijaribu kuficha. Mawimbi yanaenda pande zote. Yanapita juu ya muji na juu ya mashamba, yanaingia kwa mwenye feza na kwa mwenye ananunua majiwe ya radio mawili-mawili, kwa mwenye alisoma na kwa mwenye hajui kuandika jina lake. Maskelyne alifanya muchezo nayo, Eckersley alifanya furaha nayo, Mussolini alifanya vita nayo. Mutambo ulikuwa uleule.

Njo maana, wakati mutu atakuuliza tena ni nani alitengeneza radio, umujibu kama Marconi alifungua njia pamoja na wengine wengi. Kisha umuulize na yeye: radio yenye unasikiliza leo, ni nani iko nyuma ya mikro, na anasema kwa ajili ya nani? Ulizo hilo lina maana kupita lile la kwanza.